Makabidhiano ya Panga

Wanasema hasira hasara. Aliyetunga maneno hayo hakuwahi kukalishwa dirishani kuwaandikia watu ripoti za mali iliyopotea, huku yeye mwenyewe akisingiziwa kupoteza panga lililomuua bibi wa watu. Mimi nimekalishwa. Mwaka mzima na nusu. Kwa hiyo hasira zangu niacheni nazo, nimezilipia.

Naitwa Esteria Bujiku, sajenti wa upelelezi, Bariadi. Miaka miwili iliyopita niliitwa Mwandoya, nyumbani kwa mama mmoja anayeitwa Monika. Mama yake mzazi, bibi Nyanjige, alikuwa amekatwa panga asubuhi, akiwa jikoni anapuliza moto. Alikuwa na miaka sabini na minne. Kosa lake macho mekundu. Na kila mtu wa kule anajua kwamba kuni ni shida, tunapikia mavi ya ng'ombe yaliyokauka, na ukikaa na moshi ule miaka sitini macho hayawezi kubaki meupe. Lakini wapo watu wazima, wana simu janja mfukoni, bado wanakwambia macho mekundu ni uchawi. Ukichimba kidogo chini ya huo uchawi, unakuta shamba. Safari hii lilikuwa shamba la pamba, na aliyelitaka ni Jilala, mtoto wa ndugu wa marehemu mume wa bibi. Kati ya ua wake na ua wa Monika kuna uzio wa minyaa tu.

Panga nililikuta mwenyewe, limechomekwa chini ya ghala la Jilala, damu bado ipo kwenye mpini. Nikalifunga lebo. Nikaandika tarehe, mahali, jina langu, nikasaini. Chini yangu Monika akasaini kama shahidi. Hakusoma sana, kwa hiyo saini yake ni jina lake lote, herufi moja moja, na ile M ya mwanzo ina mkia mrefu unaopita chini ya jina zima. Alichukua muda kuuchora huo mkia, machozi yanamdondoka, mimi nimemshikia ile lebo. Nikamwambia, "Mayu," maana ndivyo tunavyomwita mama kwetu, "sasa hili liko mikononi mwa serikali." Akaniamini. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Siku ya kesi panga halikuwepo. Fredrick, mtunza vielelezo wetu, mtu mwenye miaka ishirini na miwili kwenye stoo ile, alifungua daftari mbele ya wakubwa akasema Esteria alilichukua kulipeleka kupimwa na hakulirudisha. Nililirudisha. Nilimkabidhi yeye kwa mkono wangu, ila ukurasa wa siku ile haukuwepo tena. Bila panga kesi ikaondolewa, tukaambiwa itafunguliwa upya likipatikana. Jilala akarudi kwake. Mimi nikahamishiwa dirishani. Mjini wakasema nimekula ng'ombe wa Jilala, na aliyelisema hilo kwa sauti kubwa kuliko wote kantini alikuwa Fredrick.

Monika alikuwa anakuja Bariadi kila mwezi. Anapanga foleni na waliopoteza vitambulisho na laini za simu, akifika kwangu anauliza, "Afande, limeonekana?" Namjibu, "Bado, mayu." Siku moja nilimuuliza anaishije jirani na yule mtu. Akasema Jilala humsalimia kila asubuhi juu ya minyaa, "Mwangaluka," naye anapiga goti anaitika, kama mwanamke anavyomwitikia mwanaume aliyemzidi umri.

"Unampigia goti?" nikamuuliza. "Yule?"

"Nisipopiga watasema nimerithi uchawi wa mama. Kisha itakuwa zamu yangu."

Nikagonga muhuri kwenye ripoti ya mtu mwingine, nikaugonga mpaka meza ikacheza.

Mwezi uliofuata hakuuliza kama limeonekana. Aliuliza, "Na raia akilipata mwenyewe, akalileta, mnalipokea?" Foleni ilikuwa ndefu, nikamjibu kwa mkato. Nikasema liwe na lebo yake, na ijulikane nani amelitoa na nani amelipokea, kwa makabidhiano ya saini. Bila hivyo ni chuma tu. Akashukuru, "Wabheja, afande," akaenda zake. Baada ya hapo sikumwona tena.

Halafu akaja Machibya. Huyu ana karasha za kusagia mawe ya dhahabu, mtu wa mkufu shingoni na perfume ya kukohoza. Begi lake lilikuwa limeibwa stendi. Nikaanza kuorodhesha: nguo, chaja, kamba.

"Kamba ya nini?"

"We andika tu kamba. Ina karatasi imefungwa, imeandikwa P2. Na hiyo P2 uiandike, maana bila karatasi haina thamani."

Niliweka kalamu chini. P2 ni namba ambayo mahakama hukipa kielelezo ikishakipokea. Kamba yenye karatasi ya P2 haiuzwi dukani. Kesi yake niliikumbuka: ilikuwa kamba aliyonyongewa mlinzi mmoja wa usiku, ilitakiwa iwe stoo kwetu, na huyu bwana alikuja polisi kulalamika kwamba ameibiwa mali ya wizi. Nilimvuta chumba cha nyuma nikamwambia achague, awe shahidi au mshtakiwa. Alichagua haraka sana.

Akanieleza yote. Upo mnada. Unafanyika siri, mara mbili kwa mwaka, na vinauzwa vitu vilivyotumika kuua watu, au vilivyovaliwa na majambazi waliotisha. Wanunuzi wanaamini kilichokwisha kutoa roho huvuta mali: mwenye machimbo anataka dhahabu itoke, mwenye malori anataka yasianguke. Kila mtu hufunikwa uso ili wasijuane. Mwanamke haruhusiwi kabisa, eti akivuka mlango vitu vinapoa. Nilipofika hapo nilicheka, kicheko kibaya. Wanawaua mama zetu kwa uchawi, kisha wao ndio wanakwenda kununua uchawi.

Nilimwambia mtu mmoja tu, Inspekta Joakim, mkuu mpya wa upelelezi, maana kikulacho ki nguoni mwako. Joakim ni mpole mpaka anakera. Aliniambia, "Tukivamia mapema watasema ni vyuma chakavu. Nataka makabidhiano. Kitu kitoke mkononi mwa mtu, kiingie mkononi mwa mwingine, wewe unaona. Ukitaja jina lako na cheo chako, tunaingia." Akanipa hela za serikali, milioni tatu, kwa ajili ya kupanda dau. Machibya akanipa nafasi yake, namba tisa. Wiki nzima nilijizoeza kutembea kiume na, kubwa zaidi, kutopiga goti nikisalimiwa. Jamani, kitu ulichofundishwa ukiwa na miaka mitatu hakitoki kwa wiki. Nilimwomba Joakim awe ananisalimia ghafla kwenye korido. Mara nne za kwanza goti lilikwenda lenyewe.

Ikawa Jumamosi, siku ya mnada wa ng'ombe. Wamechagua vizuri, siku hiyo malori na watu wageni havishangazi mtu. Nyuma ya uwanja wa mnada, ng'ambo ya korongo, kuna kinu cha kuchambulia pamba kilichokufa zamani. Saa nne asubuhi nilikuwa getini na ovaroli ya kiwandani, kifua nimekikaza kwa kanga, simu ndogo ya kitochi ndani ya soksi ikiwa hewani kwa Joakim. Walinzi wawili wenye marungu waliangalia namba yangu, wakakusanya simu kubwa niliyoibeba makusudi, wakanipa barakoa. Ni kifuko cha kitambaa cha marobota ya pamba, kina matundu mawili ya macho na namba imeandikwa kwa rangi kwenye paji la uso. Hawakunifunua. Wanunuzi wengine ni wakubwa, hawataki kufunuliwa.

Ndani tulikuwa kama kumi na watano, tumekaa kwenye mabenchi, vichwa vyeupe vitupu. Dalali naye kafunikwa, ila kwa sauti ile ilikuwa wazi kwamba siku zote hunadi madume ya ng'ombe. Hakuna mnunuzi anayesema neno, unanyoosha mkono tu. Pembeni, kwenye meza, alikaa mwingine aliyefunikwa, ana daftari kubwa la kaunta na kalamu.

Likauzwa shati la jambazi mmoja, lina matundu ya risasi. Dalali aliingiza kidole kwenye kila tundu, akahesabu. Ikauzwa nyundo. Kikauzwa kiatu cha mguu mmoja. Watu wazima, baba za watu, wananyoosha mikono kugombea kiatu cha maiti. Nilikaa pale nikatamani ningekuwa na fimbo ya kuchungia niwapitie mmoja mmoja. Kilichonizuia ni Joakim na makabidhiano yake.

Kila kitu kilipouzwa, yule wa mezani alikuwa anasema maneno yaleyale kwa sauti ya chini: "Kipande kimoja, kina lebo. Kinatoka kwangu, kinakwenda kwako. Saini hapa." Mnunuzi anachora chochote, anapewa mzigo wake. Mara ya kwanza nilidhani nasikia vibaya. Mara ya pili mwili ulinichemka mpaka masikio. Maneno hayo nimeyasikia mara mia kwenye dirisha la stoo yetu. Fredrick. Miaka ishirini na miwili hajawahi kutoa kitu bila saini, na mazoea yamemshinda, hata wizi anauandikia daftari. Nikashika ukingo wa benchi kwa mikono miwili.

Kisha wakaleta panga.

Lilikuwa juu ya kitambaa chekundu. Lebo bado imefungwa kwenye mpini kwa kamba yangu, fundo langu. Dalali akasoma kwa sauti tarehe, Mwandoya, akasoma na jina langu, akasema hilo ndilo hakikisho la ubora. Jina langu. Nimetukanwa mengi katika kazi hii, lakini sijawahi kutukanwa hivyo.

"Na hili," akasema, "mwenye kazi yake yupo. Atawaeleza mwenyewe."

Mlango wa pembeni ukafunguliwa, akaingia mwanaume aliyefunikwa, mwembamba, mikono mirefu. Alisimama mbele yetu, akafanya alichofundishwa kwao kabla ya kusema lolote. Alisalimia.

"Mwangaluka."

Wanaume wakaguna kuitikia, wamekaa. Lakini kwenye benchi la mbele yangu, namba kumi na nne, aliyekuwa amekaa pembeni kabisa, aliteremka kutoka kwenye benchi na goti lake moja likagusa sakafu. Hata sekunde mbili hazikufika. Akashtuka, akajifanya anafunga kamba ya buti, akarudi kukaa. Watu wote walikuwa wanamtazama Jilala, hakuna aliyeona. Mimi niliona, kwa sababu goti langu nalo lilikuwa limetaka kwenda.

Hakuna mwanaume anayeteremka hivyo. Na hapakuwa na mwanamke mwingine duniani ambaye sauti ile ilikuwa imemzoesha kupiga goti kila asubuhi kwa mwaka mzima na nusu.

Jilala akasimulia. Sitayarudia yote. Alisema alimkuta bibi ameinama anapuliza moto, na kwamba hakupiga kelele, alisema tu, "Jilala, umekuja mapema leo, kaa unywe uji." Alilisema hilo kama sifa ya panga. Mtu mmoja akacheka chini ya kifuko chake. Mgongo wa namba kumi na nne ulikuwa umenyooka, haukutikisika. Mimi nililia, na nashukuru kile kifuko.

Mnada ukaanza. Namba sita, mtu mwenye tumbo kubwa, akanyoosha mkono. Namba kumi na nne akanyoosha. Mimi mkono niliubana pajani. Nikinyoosha mkono, nampandishia bei mama yule. Nikisimama kumtoa, hakuna makabidhiano, Fredrick anakwenda nyumbani na Jilala anarudi kwenye minyaa yake. Na walinzi wakigundua kuna mwanamke kabla Joakim hajafika, marungu yale si ya mapambo. Niliomba Mungu namba sita achoke. Milioni mbili. Tatu. Tatu na nusu. Namba kumi na nne alikuwa hashushi mkono kabisa, ameunyoosha tu juu. Kwenye nne na nusu namba sita akatikisa kichwa akakunja mikono. Dalali akagonga ubao.

Namba kumi na nne akasimama, akaenda mezani, akatoa fedha zikiwa zimefungwa kwenye kitambaa. Fredrick akageuza daftari.

"Kipande kimoja, kina lebo. Kinatoka kwangu, kinakwenda kwako. Saini hapa."

Wengine wote walichora mikwaruzo. Yeye aliinama akaandika polepole, herufi moja moja, akachora mkia mrefu chini ya jina zima. Kisha akalichukua panga kwa mikono miwili. Fredrick akatazama saini. Ni kazi yake, hawezi kuona saini asiitazame. Akatazama lebo inayoning'inia kwenye mpini. Akatazama tena daftari.

"We," akasema. "Hebu subiri. Wewe ni nani?"

Nikasimama, nikavua kifuko. "Sajenti Esteria Bujiku, Upelelezi, Bariadi. Kila mtu akae alipo. Wewe Fredrick, mikono juu ya meza, na hilo daftari usiliguse."

Loh, uso wake sikuuona, lakini mikono niliiona. Iliachia kalamu, ikatandazwa juu ya meza. Mlinzi mmoja alinijia na rungu, nikampiga kwa benchi, sijutii. Joakim na vijana wake wakaingia kwa milango miwili, Jilala akakamatwa kabla hajafika dirishani. Vifuko vikavuliwa kimoja kimoja. Sitawataja waliokuwa chini yake, watatajwa mahakamani.

Monika alivua chake mwenyewe. Alikuwa amenyoa nywele zote. Jilala, pingu mkononi, akamwona, akarudi nyuma mpaka akamgonga askari. Maana mama yule alikuwa hatua tatu mbele yake na panga bado analo. Nitasema ukweli, maana nimechoka na watu wanaoficha: nilikuwa karibu, ningeweza kumshika mkono, na sikuharakisha.

Hakuliinua. Alisimama wima, akasema, "Mwangaluka, Jilala."

Jilala akatazama chini.

"Mwangaluka. Itika. Mimi nimeitika mwaka mzima na nusu."

Mwishowe Jilala akaitika, sauti haikufika hata kwenye mabenchi. "Mwangaluka, mayu." Joakim akaamuru atolewe.

Nikamsogelea Monika. Baadaye ndipo aliponieleza kwamba Jilala alijisifu kilabuni kuwa panga lake linatafutwa na matajiri, na kwamba mchuuzi aliyenunua ng'ombe wa Monika mwenyewe, kumi na wawili, zizi lote, ndiye aliyemuuzia namba, akidhani anamnunulia kaka yake. Wakati ule nilijua tu kwamba nilimjibu kwa mkato dirishani, na yeye akaenda kufanya kazi yangu kama nilivyomwelekeza.

"Mayu," nikasema, "nipe sasa."

"Nikupe wewe?"

"Ni kielelezo. Nakipeleka mwenyewe mahakamani."

"Nilikupa," akasema. Hakupandisha sauti. "Nilikupa ile siku. Ukaniambia liko mikononi mwa serikali. Nimelikuta hapa, na jina lako limo, linauzwa."

Hasira zote nilizokuwa nazo za Fredrick, za Jilala, za watu wa kantini, ziligeuka zikanitazama mimi. Joakim akaanza kueleza taratibu.

Monika akageuka. "Afande mkubwa, karatasi zenu za kukabidhiana unazo?"

Joakim akazitoa kwenye mkoba, nakala mbili. Monika akasaini kwanza, na mkia wake. Kisha akanigeuzia karatasi, akaweka kidole chini ya jina lake.

"Saini hapa."

Nikasaini zote mbili. Akanikabidhi panga, akakunja nakala yake mara nne, akaitia kifuani ndani ya ovaroli.

"Likipotea tena," akasema, "siji dirishani. Nakuja kwako nyumbani."

"Sawa, mayu," nikasema, na nikapiga goti. Wiki nzima nilikuwa nimelizuia. Nililiacha liende mpaka chini, pale kwenye vumbi la pamba, mbele ya Fredrick na wale wakubwa wote, na sikuinuka mpaka aliponiambia niinuke.